Mwanafunzi Aliyekawia na Kitabu cha Fumbo



Ndugu wapendwa, Injili ya Dominika ya kumi na saba ya Mwaka A humalizika kwa mfano mfupi ambao mara nyingi twaupita bila kusimama. Tumekwisha kusikia juu ya hazina iliyofichwa shambani, juu ya lulu ya thamani kubwa, juu ya wavu uliotupwa baharini. Ndipo Bwana anapomtaja mwandishi aliyefundishwa habari za Ufalme wa mbinguni, akimfananisha na mwenye nyumba ambaye hutoa katika akiba yake vitu vipya na vitu vya kale (Mt 13:52). Mkulima twamjua, mfanyabiashara twamjua, na mvuvi twamjua hata sisi tukaao mbali na bahari. Je, mwandishi huyu ni nani? Naye ana kazi gani katika vigango vyetu vya Bahi, Kongwa au Chamwino, ambako pengine mafundisho ya dini hutolewa chini ya mbuyu?

Napenda kulijibu swali hilo kwa kuwasimulia habari za mwandishi mmoja wa upande huu wetu wa Afrika, mtawa na mwanateolojia, ambaye mwaka 1424 alikamilisha kitabu kikubwa cha imani katika siku ambazo kila kitabu kiliandikwa kwa mkono juu ya ngozi. Jina lake ni Abba Giyorgis wa Gasicha, na nchi yake ni Ethiopia. Nawaomba makatekista wasikilize kwa namna ya pekee, kwa kuwa habari hii ni yao kabla haijawa ya mtu mwingine.

Lakini tuanzie nyumbani. Ukitoka Dodoma mjini ukashika njia ya kaskazini, ukaupita mji wa Kondoa na kufika Kolo, utaonyeshwa chini ya miamba michoro ya kale iliyochorwa kwa rangi nyekundu: watu warefu wembamba, twiga, tembo na wanyama wengine wa porini. Mwaka 2006 michoro hiyo iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia. Wataalamu hutuambia kwamba mingi kati yake ni kazi ya wawindaji walioishi katika nchi hii kabla ya wakulima na wafugaji kufika. Mkono uliochora ulikuwa mkono stadi, na jiwe limeitunza kazi yake kwa vizazi vingi sana. Walakini, maana ya sehemu kubwa ya michoro ile hakuna awezaye kutueleza kwa hakika. Waliochora walikuwa na jambo la kusema, na waliotazama siku zile walilielewa. Lakini mnyororo wa wasimulizi ulikatika mahali fulani njiani. Rangi imebaki, sauti imenyamaza.

Shikeni mfano huo, ndugu zangu, kwa maana unatufundisha ya kwamba alama iliyoandikwa haitoshi peke yake. Hata ikiwa imara kama mwamba wa Kolo, bado yahitaji mtu wa kuisoma kwa sauti, na mwingine wa kuisikia na kuipokea. Ndivyo ilivyo hata kwa Maandiko Matakatifu. Katika Matendo ya Mitume, sura ya 8, twamkuta towashi, afisa wa malkia wa Kushi, akisoma kitabu cha nabii Isaya garini mwake. Filipo alipomwuliza kama anayafahamu anayoyasoma, yule bwana alijibu kwa unyenyekevu kwamba hawezi asipopata mtu wa kumwongoza. Kitabu alikuwa nacho mkononi. Alichokosa ni katekista.

Waethiopia humhesabu towashi huyo kuwa malimbuko yao. Historia nayo yathibitisha kwamba katika karne ya 4 Mtakatifu Frumentius aliwekwa wakfu kuwa askofu kwa mikono ya Mtakatifu Atanasi wa Aleksandria, na mfalme Ezana wa Aksum akaupokea Ukristo. Tangu hapo Kanisa la Ethiopia lilisali kwa lugha yake, Kigeez, na monasteri zake zikawa shule za kusoma na kuandika. Mojawapo ya zile mashuhuri ni monasteri ya Mtakatifu Stefano katika ziwa Hayq, katika nyanda za juu za Ethiopia. Katika karne ya 13 iliongozwa na Abba Iyasus Moa, naye ndiye aliyeipatia monasteri kitabu cha Injili Nne kilichoandikwa mnamo mwaka 1280 au 1281. Kumbe wakati ule kulikuwako nyumba katika Afrika ya Mashariki ambamo Injili ilinakiliwa, ikasomwa na kuimbwa usiku na mchana.

Katika nyumba hiyo ya Hayq ndimo alimolelewa Giyorgis. Alizaliwa yapata mwaka 1365, na baba yake alikuwa padre aliyehudumu katika kanisa la jumba la kifalme. Mtu angetazamia kwamba mtoto wa padre msomi atakuwa mwepesi wa kujifunza. Haikuwa hivyo. Mapokeo ya watu wake yasimulia kwamba kijana huyu alikuwa mzito kupita wenzake wote. Miaka ilipita, wenzake wakiimba Zaburi kwa moyo, naye angali anahangaika na herufi. Mwishowe walimu wakakata tamaa, akarudishwa kwa baba yake. Lakini baba yake, yasema mapokeo, hakukubali kumpokea. Alimrudisha monasterini akisema kwamba amekwisha kumtoa kwa Mungu, na kilichotolewa kwa Mungu hakichukuliwi tena. Kama hawezi kusoma, basi na awatumikie watawa kwa mikono yake.

Basi Giyorgis akapewa kazi ya kusaga nafaka kwa ajili ya chakula cha watawa. Hapa, wazee wa Ugogo, hamhitaji kuelezwa mengi. Mnalijua jiwe la kusagia. Mmewaona mama na bibi zenu wamepiga magoti alfajiri, wakisukuma jiwe dogo juu ya jiwe kubwa, uwele na mtama ukigeuka unga kidogo kidogo, mgongo ukiuma na viganja vikiota sugu. Kazi hiyo haina sifa wala makofi. Kijana aliyeaibika mbele ya wenzake aliifanya kazi hiyo, na usiku alisali mbele ya picha ya Mama wa Mungu akiomba afunguliwe akili. Mapokeo yasimulia kwamba Bikira Maria alimtokea na kumfariji, na tangu siku ile akili yake ikafunguka, akajifunza kwa wepesi uliowashangaza walimu wake.

Namna gani Mungu alivyomfungua, tumwachie Mungu mwenyewe. Jambo moja laonekana wazi, ya kwamba kama baba yake angalimpokea siku ile aliporudishwa nyumbani, au kama watawa wangalimfungia mlango, Kanisa la Ethiopia lingalimkosa mwalimu mkubwa kuliko wengi katika historia yake. Neema ilimkuta yungali ndani ya nyumba kwa sababu wapo waliokubali akae ndani, ingawa alikuwa hajui kitu.

Sasa tuitazame kazi yake. Aliyeshindwa herufi akawa mtunzi wa sala. Kitabu cha Sala za Vipindi ambacho Kanisa la Ethiopia hukitumia kwa sifa za usiku na mchana huhusishwa na jina lake mpaka leo. Hakuwa na maisha mepesi. Mapokeo yasema kwamba aliingia katika mabishano makali ya mafundisho ya dini, na kwamba alipata kutiwa kifungoni kwa amri ya mfalme. Lakini uzee haukumkuta kimya. Mwaka 1424, katika utawala wa mfalme Yeshaq, alikamilisha kazi yake kuu iitwayo kwa Kigeez Mashafa Mestir, maana yake Kitabu cha Fumbo. Aliaga dunia muda mfupi baadaye, yapata mwaka 1425.

Kitabu hiki kimepangwaje? Hapa ndipo penye mafaa kwetu. Giyorgis angeweza kuandika kitabu cha wasomi, chenye hoja ndefu za kusomwa na watu wachache chumbani. Yeye aliandika mafundisho ya kusomwa kwa sauti kanisani, kila fundisho likiwa na sikukuu yake katika mwaka wa Kanisa. Katika kila fundisho anaeleza imani ya kweli na kujibu upotovu fulani: wale waliosema pamoja na Ario kwamba Mwana ni kiumbe, wale waliowachanganya Baba, Mwana na Roho Mtakatifu kana kwamba ni majina tu ya Nafsi moja, wale waliokana Umungu wa Roho Mtakatifu, na wengineo. Kwa maneno mengine, ndugu zangu, kitabu hiki ni mkusanyo wa homilia. Mkulima asiyejua kusoma, aliyesimama kanisani akiegemea fimbo yake kama ilivyo desturi ya Waethiopia, aliweza kuisikia teolojia nzima ya Utatu Mtakatifu na ya Umwilisho bila kukishika kitabu, mradi tu asiziache sikukuu.

Na kwa nini kiitwe Kitabu cha Fumbo? Katika Kiswahili chetu neno fumbo huweza kutupotosha kidogo, kwa sababu hutukumbusha vitendawili vya jioni kando ya moto. Kitendawili hutegwa, huteguliwa, kisha huisha. Aliyekwisha kulijua jibu hana haja nacho tena. Fumbo la imani si la namna hiyo. Halikufichwa ili kutupima werevu, nalo halimaliziki tunapolijua. Laweza kufananishwa na kisima kirefu cha kijijini: kadiri uchotavyo ndivyo uonavyo kwamba kina maji zaidi. Tunapowafundisha watoto kwamba Mungu ni mmoja katika Nafsi tatu, hatuwapi hesabu ya kukokotoa. Twawafungulia mlango wa kuingilia maisha yao yote. Giyorgis aliyajibu makosa ya wapotoshaji ili mlango huo usije ukazibwa na maneno ya uongo, watu wakabaki nje.

Fikirini pia kazi ya mikono iliyohitajika. Siku zile hapakuwa na mashine ya kupiga chapa. Katika Ethiopia vitabu viliandikwa juu ya ngozi za mbuzi, kondoo au ndama. Ngozi ililowekwa majini, ikawambwa juu ya kiunzi cha mti, ikaparwa nyama na manyoya mpaka ikawa nyeupe na laini. Sisi wafugaji wa nyanda za kati twajua kuiwamba ngozi juani. Wao waliendelea mbele mpaka ngozi ikakubali kalamu. Wino mweusi ulitengenezwa kwa masizi, na wino mwekundu uliwekwa kwa ajili ya vichwa vya habari na majina matakatifu. Kalamu ilikuwa kipande cha tete kilichochongwa. Kurasa zilishonwa pamoja, zikafungwa katikati ya mbao mbili, na kitabu kikatiwa katika mfuko wa ngozi ili kitundikwe ukutani au kibebwe safarini. Kitabu kikubwa kililigharimu zizi mbuzi wengi, na kilimgharimu mwandishi miezi mingi ya kuinamisha shingo. Ndiyo sababu Mtume Paulo, akiwa kifungoni na baridi ikikaribia, alimwomba Timotheo amletee joho lake pamoja na vitabu, hasa vile vya ngozi (2 Tim 4:13). Joho lingempa mwili wake joto. Vitabu je, vingempa nini isipokuwa uzima wa kazi yake?

Inafaa tujue kwamba katika miaka ile ile ya Giyorgis, mbali huko Ulaya, alikuwako mwandishi mwingine wa namna yake. Thomas wa Kempis, mzaliwa wa mji wa Kempen katika Ujerumani, aliishi karibu maisha yake yote katika nyumba ya watawa karibu na Zwolle, Uholanzi, mpaka alipofariki mwaka 1471. Kazi yake ya kila siku ilikuwa kunakili. Aliinakili Biblia nzima kwa mkono wake, zaidi ya mara moja. Kitabu maarufu cha kumfuasa Kristo, ambacho wengi wenu mmekisikia au kukisoma, huhesabiwa kuwa chake, na nakala aliyoiandika kwa mkono wake na kuimaliza mwaka 1441 yahifadhiwa hata leo katika maktaba ya kifalme ya Brussels. Wanaume hawa wawili hawakujuana, wala mmoja hakupata kulisikia jina la mwenzake. Mmoja alitumia Kilatini na mwingine Kigeez. Hata hivyo, mmoja akiwa chini ya anga la mawingu la Ulaya na mwingine katika milima ya Afrika, waliinama juu ya ngozi ile ile na kwa kusudi lile lile: kwamba neno walilolipokea lisife mikononi mwao.

Lakini kumbukeni michoro ya Kolo. Kitabu kikishaandikwa, nani atakilinda? Kinaweza kuungua, kuliwa na panya, kuibwa katika vita, au kusahauliwa. Kama vitabu vya Ethiopia vimetufikia, ni kwa sababu katika kila kizazi alitokea mtu wa kuvipokea. Nitawatajia wawili tu.

Wa kwanza ni Mjerumani, Padre Johannes Potken wa Köln. Akiwa Roma mwanzoni mwa karne ya 16, aliwasikia mahujaji wa Ethiopia wakisali kwa lugha asiyoijua. Hakucheka wala hakupita zake. Alivutwa na sala yao, akakaa nao na kujifunza kwao, na mwaka 1513 akapiga chapa mjini Roma kitabu cha Zaburi kwa Kigeez. Hicho ndicho kitabu cha kwanza kabisa cha lugha ile kupigwa chapa. Alidhani lugha hiyo ni Kikaldayo, na katika hilo alikosea. Lakini sikio lake halikukosea lilipotambua kwamba wale wageni walikuwa wakimsifu Mungu yule yule. Angalieni utaratibu wake: alianza kwa kusikia, kisha akajifunza, kisha akawapa wengine.

Wa pili ni Mwethiopia wa wakati wetu, Profesa Getatchew Haile. Alizaliwa mwaka 1931, akasoma teolojia Misri, akapata udaktari wake katika Chuo Kikuu cha Tübingen, Ujerumani, kisha akarudi kufundisha nyumbani. Baada ya mapinduzi ya mwaka 1974 alikuwa mbunge aliyesema wazi. Mwezi wa Oktoba 1975 askari walifika nyumbani kwake kumkamata. Akapigwa risasi, na tangu siku ile hakuweza kutembea tena. Mwaka 1976 alipokewa Marekani, katika abasia ya Wabenedikto ya Mtakatifu Yohane huko Collegeville, jimbo la Minnesota, iliyoanzishwa mwaka 1856 na watawa wenye asili ya Ujerumani. Hao ni ndugu katika kanuni ya Mtakatifu Benedikto ya wale wamisionari waliofika Pugu mwaka 1888, na ambao baadaye walijenga Peramiho na Ndanda.

Huko Collegeville ilikuwa imeanza kazi kubwa. Tangu mwaka 1973, kwa mapatano na Kanisa la Ethiopia, vitabu vya kale vya makanisa na monasteri za nchi ile vilipigwa picha ukurasa kwa ukurasa, na nakala za picha hizo zikatunzwa katika maktaba ya abasia ile. Katika muda wa miaka ishirini hivi vilipigwa picha vitabu vipatavyo 9,000, na Injili ya Iyasus Moa ya Hayq ikiwa miongoni mwake. Lakini picha 9,000 zisizosomwa ni kama miamba 9,000 ya Kolo. Palihitajika mtu wa kuzisoma, kueleza kila kitabu kina nini, nani alikiandika na lini. Profesa Getatchew, katika kiti cha magurudumu, mbali na nchi yake, aliifanya kazi hiyo kwa miaka mingi mpaka uzee. Alifariki mwezi wa Juni 2021. Risasi iliichukua miguu yake. Haikuweza kuikata sauti ya wazee wake.

Hapa huenda katekista mmoja akauliza kwa haki: Je, Padre, hao si Waorthodoksi? Tuna ruhusa ya kujifunza kwao? Ni kweli kwamba Kanisa la Ethiopia, pamoja na lile la Misri, halikuupokea Mtaguso wa Kalsedonia wa mwaka 451, na utengano huo haujaponywa kabisa. Lakini Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake ya mwaka 1964 juu ya umoja wa Wakristo, ulitufundisha kuyaheshimu mapokeo ya Makanisa ya Mashariki kama mali ya Kanisa zima. Mwaka 1973 Papa Paulo wa Sita na Papa Shenouda wa Tatu wa Wakopti walikiri pamoja kwamba Bwana wetu Yesu Kristo ni Mungu kamili na mtu kamili. Na mwaka 2009 Patriaki Paulos wa Ethiopia alialikwa kusema mbele ya Sinodi ya Maaskofu kwa ajili ya Afrika mjini Roma. Hatuzifichi tofauti zetu. Kuzificha si upendo. Lakini mwenye nyumba wa Injili hutoa akibani vitu vipya na vya kale, na katika akiba ya Kanisa kimo kitu cha kale kilichohifadhiwa kwa ngozi za Kiafrika.

Basi sasa turudi kigangoni. Kila katekista anayenisikia anamjua mtoto mmoja. Amehudhuria mafundisho mwaka wa pili au wa tatu. Wenzake wamekwisha kupokea Komunyo ya kwanza, naye bado anachanganya amri za Mungu na amri za Kanisa. Mtihani ukifika, anaangalia chini. Pengine ni mchungaji wa mbuzi aliyekosa shule wakati wa ukame; pengine ni mzee aliyeombwa na wajukuu wake abatizwe, na ulimi wake haushiki maneno mapya. Twachoka naye. Siku moja, bila kelele, jina lake halisomwi tena katika orodha, na hakuna anayeuliza amekwenda wapi.

Ndugu zangu, jambo hili si dogo. Mnyororo wa imani haukatwi na watesi peke yao. Watesi mara nyingi wameukaza. Hukatwa pia na mwalimu mchovu aliyemfungia mlango mtu anayekawia. Sisemi kwamba mtu apewe sakramenti bila maandalizi, wala kwamba ujinga ni fadhila. Watawa wa Hayq hawakumsomesha Giyorgis ibada asiyoijua. Walimpa jiwe la kusagia, na kumwacha abaki karibu na sala. Mpe basi na wewe huyo anayekawia kazi katika nyumba ya Mungu: afagie kanisa, apige kengele, achote maji ya jumuiya, aketi mbele asikie. Sikio lake likizoea, moyo wake utafuata kwa saa ambayo Mungu anaijua. Na wazazi, mfanyeni kama yule padre wa Ethiopia: mtoto mliyemtoa kwa Mungu katika Ubatizo, msimchukue tena kwa sababu tu ameshindwa mtihani.

Kwako wewe pia, katekista unayejiona huna elimu ya kutosha, unayebeba daftari lililochakaa lenye maelezo uliyoyanakili katika semina, kurasa zikiwa na alama za jasho na mvua. Usilidharau daftari hilo. Mtume Paulo alipowaandikia Wakorintho juu ya Karamu ya Bwana na juu ya Ufufuko, hakujivunia kuvumbua neno jipya, alisema tu kwamba amewapa kile alichokipokea (1 Kor 11:23, 15:3). Wewe ndiwe mwandishi yule wa Injili. Giyorgis alisimama mahali pake katika mstari huo, Thomas mahali pake, Potken na Getatchew mahali pao. Na mahali palipobaki wazi, kati ya waliokutangulia na watoto wanaokungoja chini ya mbuyu, ni pako. Ukisoma, soma kwa sauti ya kusikika. Ukifundisha, fuata sikukuu za Kanisa, ili mwaka wenyewe uwafundishe watu imani. Na ukimwona anayekawia, msubiri.

Tumwombe Mama wa Mungu, aliyeyaweka yote moyoni mwake hata kabla hayajaandikwa kitabuni, awaombee makatekista wetu uvumilivu, na awaombee wote wenye kukawia wasikate tamaa mlangoni. Naye Bwana, aliye Neno la milele, aiandike Injili yake katika mioyo yetu, mahali ambapo panya hawali na moto haufiki.

Amina.